Baada ya kustaafu siku zimekuwa ndefu: wenzangu wa Mwanza mnazijazaje?

FundiMitambo_Nyegezi aliuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote kwa heshima. Mimi ni mstaafu wa kazi ya mitambo ya meli. Nilianza nikiwa kijana wa kupaka grisi na kubeba spana, nikamaliza nikiwa msimamizi wa chumba cha injini, na muda wote huo maisha yangu yalikuwa hapa hapa Mwanza, baina ya bandari na nyumba yangu ya Nyegezi. Umri wa miaka 60 ulipotimia niliagwa vizuri, nikapewa cheti, mabati na hotuba ndefu. Mafao yalikawia kidogo lakini yalikuja. Nyumba ninayo, deni sina, na watoto wanajitegemea, mmoja akiwa Geita na wengine Dar es Salaam. Mama watoto ana duka dogo la vitambaa karibu na stendi, na tangu nistaafu amekwisha kuniambia kwa upole, zaidi ya mara moja, kwamba duka lile halihitaji watu wawili.

Kwa hiyo swali langu halihusu fedha. Sijui nifanye nini na asubuhi. Naamka saa kumi na moja kama nilivyozoea, nasali, nanywa chai, nasoma habari kwenye simu, na ikifika saa tatu siku kwangu imekwisha ingawa jua ndiyo kwanza linapanda juu ya miamba. Mchana nasinzia kitini, usiku sipati usingizi. Ushauri ninaopewa ni wa namna moja tu: fuga kuku, weka vizimba vya samaki, nunua bodaboda mbili uwape vijana wakuletee hesabu. Sina chuki na biashara, lakini sikuwahi kuipenda, na sioni kwa nini niianze katika umri huu kwa sababu tu nina nafasi. Nilipokuwa kazini, mtambo ukinguruma vibaya niliitwa hata usiku wa manane, nami nilinung'unika kila nilipoitwa. Leo simu haiiti, na hicho ndicho ninachokikosa, ingawa naona haya kulisema jambo hilo mbele ya watu wanaonifahamu.

Nawauliza hasa wale waliostaafu wakabaki Mwanza au katika vijiji vya kando ya ziwa: mlipata wapi shughuli inayowapa sababu ya kuamka, bila kujitumbukiza kwenye mikopo na bila kuutesa mwili? Na ilichukua muda gani kabla ya moyo kutulia? Nina presha inayodhibitiwa kwa dawa, na goti la kushoto hunisumbua ninapopanda ngazi au kilima, basi naomba mnaponishauri mlizingatie hilo.

MkungaMstaafu_Kisesa alijibu:

Kaka yangu, pole kwa ukimya wa asubuhi, na hongera kwa kustaafu bila deni, maana nawajua wengi waliotoka kazini wakiwa wamekwisha kuiweka pensheni yao mikononi mwa wakopeshaji wa mtaani, wale tunaowaita kausha damu.

Nilikuwa muuguzi mkunga katika vituo vya afya vya wilaya ya Magu, na sasa ninaishi Kisesa. Nianze na mwili, kwa kuwa wewe mwenyewe umeutaja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kwa waliofikia miaka 65 linaongeza mazoezi ya misuli na ya kujenga uthabiti wa mwili, ili kuzuia kuanguka. Hesabu hiyo huwatisha watu, kumbe ni nusu saa kwa siku tano, tena kutembea kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba kunatosha kabisa. Kwa goti lako usiende kupanda kilima cha Bugando wala vichochoro vya mawe vya Mabatini. Tembea mahali tambarare, asubuhi kabla ya jua kali. Ukiwa nyumbani, inuka kwenye kiti bila kushika mikono yake na uketi tena polepole, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, kisha simama kwa mguu mmoja huku mkono umegusa ukuta. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa, la sivyo usiku utaendelea kukesha. Na ikiwa kukosa usingizi kutaambatana na kukosa hamu ya chakula na kutopendezwa na jambo lolote kwa zaidi ya wiki mbili, nenda hospitali ueleze bila haya, kwani sonona ni ugonjwa wenye tiba, wala si udhaifu wa imani.

Najua watu wa Nyegezi mnapenda kwenda ziwani. Usisimame peku kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, kwa sababu konokono wa kichocho hukaa hapo hapo, na vimelea vyake hupenya ngozi hata isiyo na jeraha. Nimewauguza watu wazima waliokaa na kichocho miaka mingi bila kutibiwa mpaka ini likaharibika. Vaa buti za mpira.

Sasa nije kwenye asubuhi yako. Wanawake wengi hatustaafu, maana mjukuu analia na jiko linasubiri, kwa hiyo sikupata ukimya kama wako. Lakini hata mimi nilipitia kipindi cha uzito, na kilichonitoa humo ni ufunguo. Nimo katika kikundi cha kuweka na kukopa cha wanawake wa mtaa wetu. Sanduku letu la chuma lina kufuli tatu, na kila ufunguo ameshika mtu wake, ambaye si yule anayelitunza sanduku; siku ya mkutano funguo zote tatu lazima ziwepo mbele ya wanachama ndipo hisa zinunuliwe na mikopo itolewe. Ufunguo mmoja ninao mimi. Siku ambayo miguu ni mizito na mvua inanyesha, najua kwamba nisipokwenda kuna mama anayesubiri fedha za sare ya mtoto, naye hatazipata siku ile, basi nachukua mwavuli na kuondoka. Silipwi kwa kuushika ufunguo huo. Wala si kwamba napenda mikutano, maana yetu ina maneno mengi mno. Nakwenda kwa sababu nikikosekana kuna jambo litakwama, na kila mtu pale atajua ni nani hakuja.

Ndiyo maana naona waliokushauri kuku na bodaboda hawakukusikia vizuri. Kuku watashiba hata wakilishwa na mtu mwingine. Wewe umesema unakosa kuitwa, basi tafuta watu wenye shida na kile unachokijua, uwape siku na saa maalumu, nao wakuzoee kiasi cha kukuulizia usipoonekana. Kwa niliowaona, miezi ya mwanzo huwa ya raha, kisha huja uzito, na ni katika uzito huo ndipo wanaume huanza kunywa, au kusahau dawa za presha kwa kuwa siku zao hazina tena ratiba. Dawa yako iambatanishe na chai ya asubuhi, usiiache ielee.

Vizimba_Igombe alijibu:

Mzee mwenzangu, kwa kuwa vizimba vimetajwa, na mimi ninavyo huku Igombe, ni haki nieleze vilivyo ili usije ukashawishiwa na picha za kwenye simu.

Ufugaji huu umepata nguvu sana kwetu, hasa tangu Januari 2024, serikali ilipozindua hapa Mwanza ugawaji wa vizimba na boti kwa mikopo isiyo na riba. Ni kazi halali na yenye faida kwa anayeiweza. Lakini sato huhitaji miezi sita hadi minane kufikia uzito wa sokoni, na muda wote huo anakula. Chakula peke yake humeza zaidi ya nusu ya gharama zako zote kabla hujauza samaki hata mmoja. Kuna vibali vya mazingira na vya matumizi ya maji. Kuna mlinzi wa usiku, kwa sababu wezi wa samaki wana mitumbwi kama sisi. Na kuna asubuhi ambazo maji ya chini huchafuka na kupanda juu, hewa ya oksijeni ikapungua, ukafika kizimbani ukakuta samaki wameelea matumbo juu. Mfugaji lazima awe na akiba ya kubeba hasara ya namna hiyo na moyo wa kuanza upya, na si kila aliyepokea mafao anavyo vyote viwili.

Kwa hiyo sikushauri uweke kiinua mgongo chako majini. Ukipenda samaki, vikundi vingi vya vijana havina mtu wa kutunza daftari la chakula, la vifo na la uzito wa samaki kila wiki, na mtu aliyezoea kujaza kitabu cha kumbukumbu cha chumba cha injini angekuwa hazina kwao. Hiyo ni kazi ya kivulini, haihitaji goti.

MwalimuMstaafu_Pasiansi alijibu:

Naomba kutofautiana kidogo na dada yangu wa Kisesa, kwa heshima zote.

Kila mtu anapostaafu katika kanda yetu hii, hakosekani mtu wa kumtajia Mwalimu Nyerere: kwamba aliacha urais mwaka 1985, akarudi Butiama kulima, akaongoza Tume ya Kusini kuanzia mwaka 1987, kisha akasimamia mazungumzo ya amani ya Burundi kuanzia mwaka 1996 hadi alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999. Yote hayo ni kweli na ni heshima kwa nchi. Lakini mfano huo umegeuzwa kuwa mzigo kwa wastaafu wa kawaida, ambao hawakuwa na makatibu wala wageni wa mataifa, kana kwamba mtu akiketi chini ya mwembe wake baada ya miaka thelathini na mitano ya kazi amelikosea taifa. Mimi naona kupumzika ni haki iliyolipiwa, na mtu asione aibu kuidai.

Nina sababu ya kusema hivyo. Mara tu jirani zako watakapojua una nafasi, utafanywa mwenyekiti wa kila kitu. Kamati ya shule, kamati ya ujenzi wa kanisa, kamati ya harusi ya mtoto wa mtu usiyemjua, usuluhishi wa mipaka ya viwanja. Wote watakuja na maneno matamu kwamba wewe ni mzee wa hekima, na hakuna atakayekumbuka nauli yako. Nawafahamu wastaafu wanaochoka kuliko walivyochoka kazini, tofauti ikiwa kwamba sasa hawana likizo wala siku ya malipo. Kwa hiyo kabla ya kutafuta wa kukuita, amua kwanza ni mara ngapi utaitika. Mimi nilikubali jambo moja, kuwafundisha hesabu watoto wa mtaa wangu siku mbili kwa wiki, na kila anayekuja na jingine namjibu kwamba nafasi imejaa. Alasiri zilizobaki nacheza bao na wazee wenzangu, na wala sizihesabu alasiri hizo kuwa zimepotea.

Kuhusu muda, ushauri wangu ni kwamba mwaka wa kwanza usiuze kitu, usijenge kitu na usihame. Ukishapita, utajijua vizuri zaidi.

Jambo jingine, kwa kuwa wewe ni mtu wa mikono: pale Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, inapofika sikukuu ya Bulabo mwezi Juni, Wagika na Wagalu wanaposhindana kwa ngoma, huwa siwatazami wachezaji peke yao. Nyuma yao huketi wazee ambao magoti yao hayachezi tena, na mmoja akisikia neno la wimbo limekosewa hunyanyua fimbo, kijana anasogea, anaambiwa, anarudi kucheza. Mzee huyo hafanyi kazi kwa saa nane, lakini asipokuwepo wimbo unaharibika na vijana wanajua. Katika hilo, nakiri, mimi na dada wa Kisesa tunakutana.

Mitumbwi_Mwaloni alijibu:

Shikamoo mzee wangu, na shikamooni wazee wote mlionitangulia kuchangia.

Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe, nina mitumbwi ya dagaa, na mzigo wangu naushushia Mwaloni, Kirumba. Nimesoma swali lako mara mbili kwa sababu shida uliyonayo wewe na shida niliyonayo mimi zinaelekea kukutana. Vijana wangu ni hodari wa nyavu na wanalijua ziwa, lakini injini zinawafia mikononi. Huchanganya oili na petroli kwa kukisia kwa macho. Magugu maji au nyuzi za nyavu zilizokatika huziba tundu la kuvutia maji ya kupoza, na ule mchirizi wa maji unaotoka nyuma ya injini hupungua mpaka unakuwa matone. Anayejua angezima mara moja na kusafisha, wao huendelea kuvuta mafuta kwa sababu wanawahi soko, mpaka injini inoki. Mafundi wa huku mjini hurekebisha na kudai fedha yao, lakini hakuna anayeketi na kijana akamweleza kwa nini imeharibika.

Kwangu hasara ya injini si ndiyo kubwa. Injini ikizimika katikati ya ziwa usiku, upepo ukavuma na mtumbwi ukageuka ubavu kwa mawimbi, maboya ya kujiokolea ndiyo yanayobaki, na vijana wengi huyakalia kama mito badala ya kuyavaa. Sisi wa Ukerewe hatuhitaji kukumbushwa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, mahali ambapo kilikuwa kimebakiza mwendo mfupi tu kufika, na waliofariki walizidi mia mbili. Najua TASAC ndilo shirika lenye dhamana ya ukaguzi wa vyombo vya majini, lakini ukaguzi ni jambo moja na kumfundisha mtu kusikiliza injini yake ni jambo jingine.

Ombi langu, mzee, ni kwamba uje uwafundishe. Sikuombi uingie majini wala usafiri usiku. Dagaa huvuliwa kwenye giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa mwanga wa taa hauwavuti, kwa hiyo vijana hukaa nchi kavu siku kadhaa kila mwezi wakishona nyavu, na wengine, nisikufiche, wakinywa. Siku hizo ndizo ningetaka wakukute. Mshahara siwezi kukuahidi, lakini nauli ya kutoka Nyegezi na kurudi ni juu yangu, chakula cha mchana kipo, na hutaondoka bila kitoweo cha mama. Wenye mitumbwi wengine nimekwisha kuzungumza nao wawili, nao wako tayari kuleta vijana wao.

FundiMitambo_Nyegezi aliandika:

Marahaba mwanangu, na asanteni nyote. Sikutarajia kwamba swali nililolionea haya lingepata majibu ya uzito huu.

Dada wa Kisesa, buti za mpira nitanunua, na dawa tayari nimeihamishia kwenye chai. Hilo la sonona nimelisoma pamoja na mke wangu. Yeye anaona sijafika huko ila nilikuwa njiani, nami simbishii. Mzee wa Igombe, umeniokoa na ushawishi wa shemeji yangu, ambaye kila Jumapili huja na karatasi yenye hesabu za vizimba ambazo ndani yake hakuna samaki anayekufa. Suala la daftari nimelihifadhi, ila kwa sasa acha nianze na chuma, ambacho nakijua.

Mwalimu, onyo lako limenigusa, maana tayari kuna kamati moja ya ujenzi iliyoleta barua yenye jina langu kama katibu kabla ya kuniuliza. Nitawajibu kwamba nafasi imejaa.

Sasa kwa kijana wa Mwaloni. Nimekubali, lakini kwa masharti, na naomba uyasome mbele ya wenzako ili tusije tukalaumiana. Nitakuja siku mbili katika kila kipindi cha mbalamwezi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba, basi. Nitafundisha nikiwa nchi kavu, kivulini, nimeketi. Sitatengeneza injini ya mtu. Atakayeifungua ni kijana mwenyewe kwa mikono yake, mimi nitamwelekeza, kwa sababu nikishika spana mimi, ninyi mtakuwa mmepata fundi wa bure na vijana hawatakuwa wamejifunza lolote. Sitashika fedha ya mtu wala kununua vipuri kwa niaba yenu. Kila kijana aje na daftari, hata kama hajui kuandika sana, kwani atachora. Somo la kwanza litakuwa maji ya kupoza: yanaingilia wapi, yanapita wapi, yanatokea wapi, na unafanya nini yakipungua. La pili ni kuchanganya oili na petroli kwa kipimo, na kila mtumbwi lazima uwe na chupa yake iliyowekwa alama. La tatu ni kuvaa boya na kulifunga, na hapo nitataka kila mmoja alivae mbele yangu, akiwemo mwenye mtumbwi.

Jambo moja nauliza: injini mnazotumia ni za ukubwa gani, na je, zote ni za kuchanganya oili au zimo zenye oili yake ya pembeni? Nahitaji kujua kabla sijaja, ili nipitie vitabu vyangu.

MkungaMstaafu_Kisesa alijibu:

Kaka, masharti yako nimeyapenda, hasa saa saba. Ongeza na la nane kwamba unakuja ukiwa umekula na umemeza dawa, na chupa ya maji ya kunywa uibebe mwenyewe, maana jua la Mwaloni pamoja na harufu ya dagaa wanaokaushwa linaweza kumwangusha hata kijana. Ukianza na kundi hilo, waambie vijana wapime kichocho; wao ndio wanaoshinda majini, na dawa yake ipo katika vituo vya serikali.

MwalimuMstaafu_Pasiansi alijibu:

Wale ambao hawajui kusoma, wagawie kazi ya kuchora kama ulivyosema, kisha nitumie majina yao kupitia kijana huyu. Nimesema nafasi yangu imejaa, na bado imejaa, lakini Pasiansi na Kirumba ni jirani, na mtu mzima anayetaka kusoma maandishi ya kwenye kopo la oili simhesabu kuwa kamati.

Mitumbwi_Mwaloni alijibu:

Mzee wangu, masharti yote nimewasomea na wamekubali, isipokuwa mmoja aliyelalamikia daftari, naye nimemnunulia. Injini zetu nyingi ni za nguvu farasi 15 na chache za 40, na zote ni za kuchanganya oili. Mbili zimenoki na ziko kwangu hazijaguswa, kwa hiyo vijana watakuwa na za kufungua bila hofu ya kuharibu. Mwezi mpevu unaangukia wiki ijayo. Nitakupigia simu Jumatatu jioni nikutajie siku, na siku yenyewe saa mbili asubuhi nitakuwa kituo cha daladala cha Kirumba kukupokea, ili usibabaike kutafuta njia katikati ya mikokoteni.

FundiMitambo_Nyegezi aliandika:

Jumatatu jioni simu itakuwa mkononi. Hizo mbili zilizonoki msizisafishe kabla sijafika, ziacheni na uchafu wake wote, kwa maana ndani ya uchafu huo ndimo tutakaposoma zilikufa kwa sababu gani.